Riviu: ziara ya siku nzima Naha na Shuri kufuata nyayo za mwanamfalme mjumbe wa Ryukyu (nyota 4 kati ya 5)

Kwa wenye haraka: hii ziara ni nzuri na pesa yako haipotei, ila kuna vitu inabidi uvijue kabla hujalipia, ntavisema huko chini. Kampuni yenyewe siitaji jina kwasababu kuna sehemu nawalaumu na sitaki iwe kesi, ni kikampuni kidogo cha wenyeji wa Naha, mji mkuu wa Okinawa, wanachukua watu wachache tu kwa siku, mkizidi wanawaambia msubiri siku ingine.

Sisi tunaoishi Japani tukisikia Okinawa tunawaza bahari tu na picha za bichi. Sawa, bahari ipo na ni nzuri sana, lakini kile kisiwa zamani hakikua Japani, kilikua ufalme wake unaojitegemea unaitwa Ryukyu, wafalme wake wakikaa Shuri, ambayo leo ni sehemu ya Naha, kuanzia 1429 mpaka 1879. Sasa ziara nyingi za Shuri zinakupeleka kwenye ukuta, unaonyeshwa geti, unaambiwa hapa alikaa mfalme, unapiga picha, mnaondoka. Hii inamfuata mtu mmoja tu, mwanamfalme anayetumwa nje kama mjumbe, alitoka nyumba gani, alivaa nini, alisafirije, alipofika alifanya nini na aliporudi alikuta nini. Na kwa maoni yangu hiyo ndo njia sahihi ya kuielewa Ryukyu maana mfalme mwenyewe alikua hatoki kisiwani, ukiacha Sho Nei na Sho Tai ambao walichukuliwa na wenye nguvu. Aliyekua anatoka kwenda kupiga magoti mbele za wakubwa kwa niaba ya nchi nzima ni kaka yake, au mdogo wake, au baba yake mdogo.

Kidogo historia ili uelewe ninachokisifia. Ryukyu ilikua inapeleka ujumbe na zawadi kwa mfalme wa China toka 1372, na biashara yao yote imesimama hapo. Alafu 1609 jeshi la Satsuma, yaani watu wa Kagoshima, likavuka na askari kama 3,000 likawapiga, mfalme Sho Nei akachukuliwa mpaka Japani bara akaonyeshwa kwa Ieyasu, shogun mstaafu, kule Sunpu (Shizuoka ya leo) na kwa mwanae Hidetada, shogun yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, kule Edo (Tokyo ya leo), akarudishwa 1611. Mdogo wake, mwanamfalme Gushichan, aliondoka naye na hakurudi, alifariki hukohuko Sunpu 1610 na kaburi lake lipo hekalu la Seiken-ji, Okitsu, mkoa wa Shizuoka mpaka leo. Baada ya hapo Ryukyu ikawa na mabwana wawili, China haitakiwi ione wazi kwamba Satsuma ndo wameshika nchi, na Satsuma wenyewe wanataka uhusiano na China uendelee maana na wao wanafaidika na ile biashara. Waswahili tunasema mshika mawili moja humponyoka, hawa waliyashika yote mawili zaidi ya miaka 260 na waliofanya hiyo kazi ngumu kwa mikono yao ni hawa wajumbe.

Ziara inaanzia makumbusho ya historia ya jiji la Naha, yako ghorofa ya 4 jengo la Palette Kumoji, ukishuka treni ya Yui Rail stesheni ya Kencho-mae umefika. Humo ndo kuna vitu vya ukoo wa Sho, ukoo wa kifalme, vilitangazwa hazina ya taifa 2006. Mavazi ya bingata, vile vitambaa vya nakshi za rangi vya Okinawa, aisee, picha hazitendi haki kabisa, rangi zimekolea utafikiri yametiwa rangi juzi. Mwongozaji wetu, mama mtu mzima mwenyeji wa Shuri, alitusimamisha hapo akatuelezea namna ya kumsoma mtu kwa mavazi tu: kilemba cha zambarau ni ueekata, hao ni mawaziri na wakubwa wa serikali, cha njano ni pechin, mabwana wa chini yao, na wanamfalme walikua na kitambaa chao cha nakshi za rangi kadhaa. Pini ya nywele nayo vilevile, dhahabu kwa wanamfalme, fedha kwa mabwana, raia wa kawaida wanavaa shaba. Kitu nlichokipenda ni kwamba alitufafanulia pia kwamba hicho cheo cha mwanamfalme sio lazima mtu awe amezaliwa na mfalme, kulikua na nyumba za kando za kifalme, na mtu anaitwa kwa jina la eneo alilopewa, mwanamfalme wa Ie, wa Tomigusuku, wa Tamagawa na kadhalika.

Lawama yangu ya kwanza iko hapa. Wanakupa muda mfupi mno kwenye makumbusho. Hii ndo sehemu pekee ya siku nzima ambayo unaviona vitu vyenyewe vya ukoo wa kifalme na kampuni imeiweka kama mlango wa kupitia, mke wangu alikua bado kwenye vazi la pili tayari tunaitwa tushuke. Ushauri wangu nenda mwenyewe siku moja kabla, kaa humo taratibu, alafu kesho yake ndo ujiunge na ziara.

Njiani mama yule ndo alipotupa habari za safari yenyewe, na hapo ndo pesa yangu iliporudi. Kila Japani ikipata shogun mpya Ryukyu inatuma ujumbe wa kumpongeza, na kila Ryukyu ikipata mfalme mpya wanatuma ujumbe wa kushukuru. Kuanzia 1634 mpaka 1850 ni safari 18, na ile ya kwanza hata Edo haikufika, walionana na shogun Iemitsu Kyoto kwenye ngome ya Nijo. Kiongozi wa msafara ni mwanamfalme, makamu wake ni ueekata, nyuma yao makatibu, wanamuziki na vijana wadogo wa familia kubwa waliofundishwa kupiga ala na kucheza, kwa kawaida watu kama 100 hivi na safari zingine mpaka 170. Wanapanda meli Naha mpaka Kagoshima, wanakaa hapo miezi, alafu wanazunguka Kyushu kwa bahari, wanapita mlango wa Shimonoseki, bahari ya ndani ya Seto mpaka Osaka, mtumbwi wa mto Yodo mpaka Fushimi, alafu barabara ya nchi kavu mpaka Edo, huku wakisindikizwa na msafara mkubwa wa Satsuma wenyewe. Kwenda na kurudi ni karibu mwaka mzima. Fikiria wewe ni mdogo wake mfalme, unaaga wazee nyumbani hujui utawakuta.

Na hapa kuna kitu kiliniuma kiukweli. Mwaka 1709 Satsuma walitoa amri kwamba wajumbe wa Ryukyu wakipita Japani waonekane wageni, mavazi, silaha za kubeba, vyombo, kila kitu kiwe na sura ya Kichina na kisifanane na cha Kijapani. Sababu ni moja tu, bwana wa Satsuma aonekane mkubwa kuliko mabwana wenzie kwamba yeye ana ufalme mzima wa nje chini yake. Kwahiyo mwanamfalme yuko juu ya kiti kinachobebwa, mbele yake bendera na ngoma na zumari, barabara nzima imejaa watu wa Edo wanaangalia, na namna anavyotakiwa kuonekana imeshapangwa na aliyeivamia nchi ya babu zake. Lakini wao hawakuifanya ovyo ovyo! Waliifanya kwa ustadi mkubwa, muziki wao, mwandiko wao, mashairi yao, mabwana wa Japani wakawa wanaomba wawaandikie hati ya mkono waweke nyumbani, na mimi naona huo ulikua ushindi wa aina yake, kulazimishwa kitu na wewe ukakigeuza kikawa sababu ya watu kuiheshimu nchi yako.

Habari ya 1832 ndo iliyonyamazisha kikundi chote. Mwanamfalme wa Tomigusuku, Choshun, ndo kiongozi wa msafara wa mwaka huo, kutoa shukrani baada ya mfalme Sho Iku kukaa kwenye kiti. Wamefika Kagoshima akafariki. Edo iko mbali bado, ujumbe usio na mwanamfalme ni aibu na makamu peke yake hawezi kupokewa na shogun. Sasa wakafanyaje, wakamchukua mtu wa msafara huohuo, Futenma Choten, cheo chake pechin, wakamvalisha, wakamfanya ndo mwanamfalme wa Tomigusuku, na akaenda hivo mpaka Edo na kusimama mbele ya shogun. Na mwaka huo ndo watu wa Edo walikua wamepagawa na Ryukyu kuliko wakati wowote, vijitabu na picha za kuchapa za huo msafara viliuzwa kwa wingi, watu wakijaribu kuwatambua wakubwa wa msafara mmoja mmoja. Mimi nlikaa nikimuwaza Futenma mpaka tunafika kituo kinachofuata. Amebeba jina la marehemu, anaitikia salamu za marehemu, njia nzima hakuna kukosea hata kidogo maana akikosea ni nchi imeumbuka, na wenzake aliokua anawainamia jana leo wanamwinamia yeye. Watu wanaandika sana habari za wafalme na mimi natamani mtu mmoja aandike habari za huyu.

Kituo cha pili ni Shikinaen, bustani ya kifalme iliyokamilika 1799, kiingilio tulipoenda yen 400 mtu mzima na haimo kwenye bei ya ziara (wangeiweka tu wakapandisha bei kidogo, kutoa chenji kila geti inachosha). Hapa ndo upande wa pili wa kazi ya ujumbe, yaani kupokea. Wajumbe wa mfalme wa China walikua wanakuja kumvika taji mfalme mpya, mamia ya watu, wanakaa miezi, na wanatakiwa walishwe, waburudishwe, na wasijue sana habari za Satsuma. Maafisa wa Satsuma waliokuwepo Naha walikua wanahamishwa wakakae kijijini mpaka Wachina waondoke. Kwenye bustani kuna kilima chenye jukwaa la kuangalia mandhari linaitwa Kankodai, simama hapo uangalie pande zote, huioni bahari. Kwenye kisiwa chembamba kama kile kukosa kuiona bahari ni kazi, walichagua pale makusudi ili mgeni wa China aone mashamba na vilima tu aamini kwamba nchi ni kubwa. Bwawa lina kibanda cha pembe sita na madaraja ya mawe ya upinde ya Kichina, nyumba kuu ni ya mbao na vigae vyekundu, na vyote unavyoviona vimejengwa upya maana vita vya 1945 havikuacha kitu. Chukua muda wako hapa. Asubuhi ni bora, watu wachache.

Kutoka hapo unapanda barabara ya mawe ya Kinjo-cho kuelekea Shuri. Ni mwinuko kwelikweli na mvua ikinyesha mawe yanateleza, mwenye magoti mabovu aseme mapema, walikua tayari kumwitia teksi mwenzetu mmoja bila maneno.

Ngome ya Shuri wengi mnaijua, jumba kuu liliungua 31 Oktoba 2019, nlipoenda bado mafundi walikua kazini na mpango uliotangazwa ni likamilike vuli ya 2026. Mi nasema nenda tu hata kama kuna ujenzi. Ukisimama uwanjani mwongozaji anakuonyesha pande mbili, kaskazini lilikua jumba la kupokea wajumbe wa China, kusini jumba la watu wa Satsuma, na katikati mfalme. Nchi nzima imejengwa kwenye uwanja mmoja, huhitaji kusoma kitabu. Hapohapo akatueleza kwamba tamthilia ya nyimbo na ngoma ya kumiodori ilianzia kwenye karamu za kuwapokea Wachina 1719, aliyeitunga ni Tamagusuku Chokun, na huyo mwenyewe alishawahi kwenda Edo na misafara akaona michezo ya Kijapani. Yaani mtu ametumwa Edo kwa kazi ya Satsuma, amerudi na aliyoyaona, akatunga kitu kipya cha Ryukyu cha kuwaonyesha Wachina. Akili hiyo.

Tamaudun, makaburi ya kifalme ya 1501, ni hatua chache toka ngomeni, kiingilio tulipoenda yen 300. Ndo mahali alipotolea habari ya mjumbe wa mwisho, na alibeba nakala ya picha, picha ya kamera kabisa, ya ujumbe wa 1872 ukiwa Tokyo. Mwanamfalme wa Ie, Chochoku, mtoto wa mfalme Sho Ko na baba mdogo wa mfalme Sho Tai, umri umeshapita miaka 50. Shogun hayupo tena, Japani ina serikali mpya ya Meiji, Ryukyu inaambiwa itume watu waje kupongeza. Naye kaenda kama ndugu zake walivyokua wanaenda, pembeni yake ueekata Ginowan Choho, mwanazuoni na mshairi. Walipokelewa vizuri sana, reli ya kwanza ya Japani, Shinbashi mpaka Yokohama, ilipofunguliwa rasmi 14 Oktoba 1872 na wao ni wageni waalikwa. Siku mbili baadae, tarehe 16, wakasomewa tamko: Sho Tai kuanzia leo ni mfalme wa jimbo la Ryukyu na anaingizwa kwenye daraja la mabwana wa Japani. Wakapewa na yen 30,000 kwa ajili ya nyumba ya kifalme. Kwa maneno mengine nchi iliyomtuma imefanywa jimbo mbele ya macho yake huku kashika zawadi mkononi, na kwa adabu zote za kazi yake alichotakiwa kusema ni asante. Baada ya hapo mikataba ambayo Ryukyu yenyewe iliwahi kusaini na Marekani, Ufaransa na Uholanzi ikachukuliwa na wizara ya Tokyo. 1875 ikaja amri ya kuacha kutuma ujumbe China, Machi 1879 askari na polisi wakaingia Shuri, mfalme akatolewa ngomeni na kupelekwa Tokyo.

Ginowan Choho aliitwa msaliti na watu wake, akajiuzulu 1875, akafa mwaka uliofuata. Mwanamfalme Ie aliishi mpaka 1896 na akayaona yote. Nlimuuliza yule mama kama na yeye anawaona ni wasaliti, akasema, "Walitumwa kupongeza. Hawakutumwa kujadiliana." Nakubaliana naye asilimia mia na inaniuma kwamba lawama ilimwangukia mtu aliyebeba barua.

Lakini lawama yangu ya pili na kubwa ndo iko hapo: ziara inaishia 1879 na Tokyo tu. Wako wengine waliokimbilia China kuiombea nchi yao, Kochi Chojo wa ukoo wa kifalme alivuka mpaka Fuzhou na akaishia kufa hukohuko China 1891, na Rin Seiko alijiua Beijing Novemba 1880 kwa uchungu baada ya kuona maombi hayasikilizwi na nchi inataka kugawanywa kati ya Japani na China. Nao ni wajumbe, tena waliotumika bila mshahara wala fahari, na hawakupewa hata dakika tano. Nimeshawaandikia kampuni kuhusu hili na wamejibu vizuri kwamba wataangalia.

Chakula cha jioni, cha kikasri, kimo kwenye bei. Kinakuja na sinia la lakeri jekundu la vyumba vyumba linaitwa tundabun, ambalo ndo walilokua wanawawekea wageni rasmi, na mpangilio wake ni mzuri unasita kugusa. Waislamu wenzangu nisikilizeni: chakula cha Okinawa ni nguruwe toka mwanzo mpaka mwisho, ile minudaru ya ufuta mweusi ni nguruwe, rafute ni nguruwe, hata supu ya tambi inachemshwa na mifupa yake, kwahiyo waambie siku ile unayobuku na sio ukifika mezani. Sisi tulisema mapema, wakatuandalia samaki, mboga za bahari na jimami tofu ya karanga, hii ya mwisho ningekula sahani tatu, na awamori, pombe ya Okinawa, wakatubadilishia chai bila kutuangalia vibaya. Ila kwa mtu mwenye njaa ya kupanda vile vilima sahani ni ndogo, beba kitu kwenye begi.

Lugha: mwongozaji anazungumza Kijapani na Kiingereza, Kiingereza chake ni cha polepole ila kinaeleweka, na ukimuuliza swali anafurahi kabisa. Kile kifaa cha sikioni walichotugawia kilikua kinakata kata kwenye ngome, bora ukae karibu naye. Watoto chini ya miaka 10 watachoka, maelezo ni mengi na kutembea ni kwingi.

Anayetoka Kagoshima na ana muda, mi namshauri aje kwa meli badala ya ndege, ni zaidi ya saa 24 na inapita bahari ileile ya wajumbe, ukishuka Naha na hiyo ziara kesho yake kila kitu kinakaa mahali pake. Na anayekaa upande wa Tokyo au Nagoya apitie Seiken-ji kwanza kwenye kaburi la mwanamfalme Gushichan, treni ya kawaida ya Tokaido inasimama stesheni ya Okitsu, unatembea kwa miguu mpaka hekaluni. Wajumbe wa safari za baadae walikua wakipita hapo wanaingia kumzuru.